Naombeni ushauri: suplimenti za kukinga moyo, nimeze zote pamoja au kimoja kimoja?

Jahazi_Bovu:
Wakuu habari za mda huu. Naomba ushauri wa haraka kidogo hasa kwa mnaojua mambo ya virutubisho. Nina miaka 52, sigara sivuti, pombe sigusi, kwa sasa niko vizuri tu ila nataka kuukinga moyo maana nasikia mishipa ikianza kuziba haipigi hodi. Nimeshachukua vichupa 3, omega 3 ya gramu 1, vitamini E uniti 400, na kimoja cha mchele mwekundu uliochachushwa, aliyeniuzia anasema kinashusha kolestro bila kemikali. Je nivimeze vyote kwa pamoja au nianze na kimoja? Na ni asubuhi au usiku? Natanguliza shukrani.

mamaPacha:
Asubuhi baada ya kula kaka. Mimi omega nameza miaka na miaka, nywele zimeacha kukatika, kucha zimekuwa ngumu, moyo sijaupima ila naamini na wenyewe unafurahi.

Mtata77:
Mazoezi mkuu. Baba yangu mdogo alikuwa na kabati zima la hayo makopo, halafu kutoka kitandani mpaka mlangoni anapumzika mara mbili. Mimi nakimbia kila alfajiri, juzi mbwa kanitoa nduki nikavunja rekodi yangu mwenyewe.

ZamuYaUsiku:
Mimi niko dirisha la dawa. Vitamini E haikingi moyo. Utafiti wa HOPE uliotoka 2000 ulichukua watu zaidi ya 9,500 wenye hatari kubwa ya moyo, wengine wakapewa uniti 400 hizo hizo ulizoshika, wengine kidonge kitupu, wakafuatiliwa karibu miaka 4 na nusu, wapi. Omega ya gramu 1 ilijaribiwa kwenye VITAL, watu karibu 26,000 kwa miaka 5 hivi, ukijumlisha matukio makubwa ya moyo na mishipa hakuna punguzo la maana. Hicho cha tatu nakuja nacho ila nijibu kwanza, unatumia dawa gani nyingine? Na umeandika "kwa sasa niko vizuri". Kabla ya sasa ulikuwaje?

Jahazi_Bovu:
Natumia aspirini ile ndogo tu ya 75. Nyingine niliandikiwa ila hazihusiani sana na swali. Tubaki kwenye suplimenti wakuu.

KobeMzee:
"Hazihusiani sana." Haya, funguka.

MvutaKasi:
Mimi pakiti moja kwa siku ila nameza betakarotini kusafisha mapafu, mwaka wa 3 huu niko ngangari. Asilia haina madhara, meza zote.

ZamuYaUsiku:
MvutaKasi hiyo ya kwako acha leo. Utafiti wa Ufini uliotoka 1994, wavuta sigara waliopewa betakarotini walipata saratani ya mapafu zaidi kuliko wasiopewa. Jahazi, dawa zipi?

Jahazi_Bovu:
Ok. Miezi 4 iliyopita nilipata shambulio la moyo, nikawekewa stenti 1. Nikaandikiwa aspirini, klopidogreli na atovastatini ya 80. Hizo mbili za mwisho nimeziacha siku 9 sasa. Sijakurupuka, nimesoma sana. Mapaja yalikuwa yanauma mpaka nikipanda ngazi nashika ukuta, mikono ina mabaka kama nimepigwa, nikigusa kona ya meza tu tayari doa. Hizi ni kemikali jamani, mtu unameza mpaka lini? Na tangu niache mapaja yamepoa, hilo nalo mtalipinga? Hicho chekundu nimeshaanza, na vyote nimelipia vya miezi 3, havirudishwi. Kwahiyo swali langu liko pale pale, pamoja au kimoja kimoja.

mamaPacha:
Mungu wangu. Siku 9??

ZamuYaUsiku:
Jahazi nisome taratibu. Stenti ni wavu wa chuma ndani ya mshipa, mwili unachukua miezi kuufunika kwa utando wake, na kabla haujafunikwa damu inapenda kuganda hapo. Klopidogreli ikishirikiana na aspirini ndo walinzi wa mlango huo, ndo maana baada ya shambulio kawaida inatakiwa miezi 12, wewe una 4. Damu ikigandia ndani ya stenti inaweza kufunga mshipa wote kwa mkupuo. Mabaka yanaletwa na hiyo dawa ya kuzuia damu kuganda, unamwambia dokta anakuangalia, huachi kimya kimya. Mapaja nakuamini, statini, yaani dawa za kushusha kolestro kama hiyo atovastatini yako, zinaweza kufanya hivyo, lakini dozi inashushwa au unabadilishiwa aina. Sasa hicho chekundu, ndani yake kuna monakolini K, na monakolini K ndiyo lovastatini yenyewe. Yaani umekimbia statini mlangoni ukaenda kuinunua dirishani, tena hujui ni kiasi gani, maana chupa moja inaweza kuwa nayo kiduchu na nyingine ikazidi. Wapigie kliniki yako LEO. Na kifua kikibana usije kuandika hapa, nenda dharura.

Jahazi_Bovu:
Mbona kuna mafuta ya samaki yanaandikwa na madokta kabisa kwa watu wa moyo? Nimesoma mwenyewe.

ZamuYaUsiku:
Yapo. EPA, aina moja ya omega 3, iliyosafishwa, gramu 4 kwa siku, utafiti wa REDUCE-IT. Walikuwa watu wenye trigliseridi (mafuta ya kwenye damu) za juu na walikuwa WANAENDELEA na statini. Chupa yako sio hiyo.

KobeMzee:
Wakuu hii chai. Mmekaa mnabishana na tangazo. Akaunti ya mwezi huu, bandiko lake la kwanza ndo hili, vichupa katutajia mpaka na uzito wake halafu shambulio la moyo kalisahau! Subirini, sasa hivi anatokea mtu na inboksi.

AfyaTele:
Hongera kwa uzi mzuri. Bidhaa zetu ni asilia 100%, stenti inayeyuka yenyewe ndani ya siku 21. Karibu inboksi.

KobeMzee:
Si nilisema.

Mtata77:
Inayeyuka?? Kumbe waliweka barafu 😂😂

Jahazi_Bovu:
Huyo simjui, naapa. Kobe, kwenye pochi nina kadi niliyopewa siku ya kutoka wodini, ngumu kama ya benki. Ina tarehe, ina herufi LAD ndo jina la mshipa, na namba mbili, 3.0 na 24, nesi alinifafanulia ni upana na urefu wa hicho kichuma kwa milimita. Walipitia kwenye kifundo cha mkono wa kulia, kidoti bado kipo, watu wanadhani nimeng'atwa na mbu. Sikutaja mwanzo kwa sababu nilijua mtanirudisha kwenye vidonge, na kweli ndicho mlichofanya. Mke wangu hajui kama nimeacha. Kila usiku ananiletea maji na vidonge mkononi, navificha shavuni nasema ahsante, nikifika bafuni natema.

mamaPacha:
Analeta maji mwenyewe na wewe unatema. Kaka jamani.

KobeMzee:
Basi nimenyamaza. Samahani mkuu. Piga simu.

Jahazi_Bovu:
Nimepiga. Nesi kauliza tarehe ya stenti nikamsomea kwenye kadi, akakaa kimya, akasema usikate, akarudi na dokta. Wanasema nisingoje miadi, niende leo hii na vichupa vyote na nisiendeshe mwenyewe. Sasa nani wa kunipeleka bila mke wangu kujua?

mamaPacha:
Mkeo.

Mtata77:
Ukirudi tupe mrejesho, tupo hapa.

MvutaKasi:
Zamu samahani, hao wa Ufini walikuwa wanavuta ngapi kwa siku? Maana mimi siku nyingine pakiti huwa haiishi.