Kemia ya BA au ya BS: kijana achukue ipi?

Mzazi wa Tanga (mleta mada): Ndugu wanajamvi, kijana wangu aliyemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, amepata nafasi katika chuo kimoja cha Marekani, ambako kemia inasomwa kwa shahada ya sanaa, yaani BA, au ya sayansi, yaani BS. Ya sayansi inamdai hesabu zaidi, mihula miwili ya kemia ya kifizikia na utafiti wa mwaka wa mwisho. Ya sanaa inampunguzia maabara lakini inamtaka asome lugha ya kigeni. Baadaye anataka kusomea udaktari wa binadamu. Naomba ushauri.

Mkemia Mstaafu: Achukue BS, na mjadala ufungwe. Chama cha Kemia cha Marekani, ACS, kina mwongozo wake wa masomo na kazi za maabara kwa mhitimu anayetaka cheti chake, na kwa kawaida BS ndiyo inayopangwa kuufikia. Tuseme ukweli: BA ya kemia wamewekewa wanaokimbia hesabu.

Binti Pangani: Shikamoo mzee wangu, lakini hilo la kukimbia hesabu siwezi kulinyamazia. Mimi nina BA ya fizikia, na mekanika ya kwanta niliisoma mpaka usiku ukawa mchana. Berkeley shahada ya fizikia ni BA; Harvard na Princeton mwanafizikia anatoka na shahada ya sanaa; Cambridge hata anayesoma sayansi asilia kwa miaka mitatu anapewa BA. Hao wote walikimbia nini?

Kalamu Nyekundu: Hata Oppenheimer wa bomu la atomu alikuwa na BA ya fizikia, kama sikosei.

Binti Pangani: Ya kemia, kaka, Harvard, mwaka 1925. Hilo ndilo linalonogesha mada hii.

Mkemia Mstaafu: Marahaba binti. Oppenheimer hakunitokea hata mawazoni. Nilizungumzia chuo kinachotoa shahada zote mbili, mwanafunzi akaichagua ile nyepesi kwa hiari yake. Huko kwenu hapakuwa na BS ya kukwepa.

Binti Pangani: “Huko kwenu” ni wapi, mzee? Mimi ni wa Pangani.

Mkaazi wa Minnesota: Wakati mnagombea heshima, mleta mada azingatie kibali cha kazi. Mhitimu wa kigeni hupata miezi 12 ya kufanya kazi katika fani yake, na wa sayansi anaweza kuomba 24 ya nyongeza. Nyongeza hiyo haitazami kama cheti kimeandikwa BA au BS. Inatazama namba ya fani iliyoandikwa kwenye I-20, ile fomu ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni, na ya kemia ni 40.0501. Kuhusu udaktari, vyuo vya huku hutazama kama umesoma biolojia, kemia, kemia ya kaboni na fizikia pamoja na maabara zake, na alama zako za MCAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba vingi havipokei wanafunzi wa kigeni kabisa, na ajabu ni kuwa hakuna aliyeligusa.

Msaka Ajira: Mimi nimerudi nyumbani na BA ya biolojia. TCU, tume ya vyuo vikuu ya Tanzania, waliitambua, lakini katika ofisi moja niliyoomba kazi karani alisoma neno “sanaa” akaniuliza kama nilisomea uchoraji. Nilimfungulia transkripti nikamwonyesha maabara ya jenetiki. Akanijibu kwamba tangazo linataka shahada ya sayansi, akaita anayefuata.

Mkemia Mstaafu: Si ndicho nilichokisema?

Binti Pangani: Hukukisema, mzee. Ulisema tunakimbia hesabu. Ujinga wa karani usiwe hoja yako.

Kalamu Nyekundu: Karani naye ni mwajiri siku hiyo, dada.

Mzazi wa Tanga: Nawashukuru wote. Kijana anasema chuo chake kinamsamehe lugha ya kigeni anayefaulu mtihani wa lugha yoyote inayofundishwa pale, na Kiswahili kimo. Je, kwa mtoto wa Tanga watakubali?

Mkemia Mstaafu: Kama kanuni yao ni hiyo, afanye mtihani huo mapema, na vipindi vitakavyobaki avijaze kwa kemia ya kifizikia.

Binti Pangani: Hapo mzee umeshamshauri achukue BA.