Mrejesho: fimbo za mpingo kwa wazee wa Vita vya Kagera
Wakuu, niliuliza kwa nini fimbo za mpingo, zawadi kwa wazee waliopigana Vita vya Kagera (1978–79), zinapasuka nchani. Mlisema kweli: mti mbichi hupoteza maji haraka zaidi nchani kuliko ubavuni. Sasa ncha zinachovywa kwenye nta iliyoyeyushwa mara tu baada ya kukatwa, kisha zinakaushwa kivulini polepole. Zimetulia.

Urefu: mzee asimame na viatu, mkono uning'inie, pima toka sakafuni hadi kifundo cha mkono. Kipenyo milimita 25 juu, 20 chini, na kofia ya mpira. Vanishi achaneni nayo, mafuta ya mpingo huibandua. Msasa namba 120, kisha 240, kisha 400, halafu nta. Jina na cheo chongeni kabla ya msasa wa mwisho. Vumbi la mpingo linawasha kweli, barakoa lazima.