Hatifungani ya miaka 20 kwa mtu wa miaka 67: nani aliyeona hii ni akili?

Wakuu, leo naandika nikiwa na hasira na sina mpango wa kuipoza kwanza. Anayetaka uzi wa upole apite tu.

Nina miaka 67. Kiinua mgongo changu kimekaa kwenye akaunti ya akiba kinamegwa na makato kidogo kidogo, nikaona bora nikiweke kwenye hatifungani za serikali, yaani niikopeshe serikali kwa muda maalumu inilipe riba. Si ndivyo tunavyoimbiwa? Wastaafu njooni, ni salama, serikali haikimbii. Nikaenda benki, jina silitaji. Kijana wa kaunta mpole kabisa, ana adabu zake, akaniambia: "Mzee wangu, chukua ya miaka 20, ndiyo yenye riba nzuri." Nikamuuliza, ikiiva, yaani muda ukiisha nirudishiwe fedha yangu, mimi nitakuwa na umri gani? Akacheka. Alidhani namtania.

Nikamuuliza swali la pili: nikiugua mwaka wa tatu nikahitaji fedha yangu, inakuwaje? "Unaiuza tu sokoni mzee, haina shida." Kwa bei gani? "Kwa bei ya soko." Basi. Hapo ndipo maelezo yake yalipoishia, akanisogezea fomu na kalamu.

Sasa hiyo "bei ya soko" ndiyo imenileta hapa, maana ndiyo inayowaumiza wazee na hakuna anayeitaja. Tuhesabu pamoja. Umenunua kwa 100 hatifungani ya miaka 20 inayolipa kuponi (riba yake isiyobadilika) ya asilimia 12 kwa mwaka. Muda si mrefu riba zinapanda, serikali inatoa nyingine mpya zinazolipa asilimia 15. Nani mwenye akili timamu atakupa 100 kwa karatasi inayolipa 12, wakati kwa 100 hiyohiyo anapata 15? Atakupa kama 81. Umepoteza karibu sehemu moja ya tano ya fedha yako, na serikali haijakosa hata malipo moja. Ingekuwa ya miaka miwili, mabadiliko hayohayo ya riba yangekuachia kama 95. Muda ukirefuka, bei inayumba zaidi. Huo si utaalamu wa siri, ni hesabu anayopaswa kuijua kila anayekaa nyuma ya ile kaunta.

Najua kuna mtu atakuja kuniambia riba zikishuka bei nayo inapanda. Sawa kabisa. Lakini kijana wa miaka 30 anaweza kusubiri zishuke, au akasubiri hatifungani iive alipwe 100 yake kamili. Mzee mwenye miadi ya upasuaji mwezi ujao atasubiri nini? Atauza kwa bei atakayoikuta, tena atafute dalali, amlipe na dalali huyo, na aombe Mungu mnunuzi apatikane, kwa sababu katika nchi nyingi soko la hatifungani kwa kiasi kidogo kama cha kwangu limelala. Wakubwa wanauziana mabilioni, mwenye vijisenti anaambiwa asubiri.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dawa ya jambo hili ipo na inajulikana. Kuna hatifungani za hazina, ambazo ndizo hizi za mnada na soko. Na kuna hatifungani za akiba, ambazo huuzi kwa mtu yeyote, unazirudisha kwa serikali yenyewe na inakulipa ulichoweka pamoja na riba uliyokwisha kuipata. Bei haishuki kwa sababu hakuna bei. Kule kaunta zote zinaitwa hatifungani ya serikali na zote zinaitwa salama, wakati kwa mtu wa umri wangu tofauti yake ni mbingu na ardhi.

Singapore wanazo tangu 2015. Muda wake ni miaka 10, lakini ukitaka fedha yako mwezi wowote unaomba, mwanzoni mwa mwezi unaofuata inaingia, hakuna faini. Kima cha chini ni dola zao 500. Hong Kong wakaenda mbali zaidi, mwaka 2016 wakatoa hatifungani ya wazee peke yao, ya miaka mitatu. Ilianza kwa wenye miaka 65 na kuendelea, baadaye wakashusha hadi 60. Riba yake inafuata mfumuko wa bei, na imewekewa sakafu ambayo haiwezi kushuka chini yake. Haiuzwi sokoni, ila serikali inainunua tena kwa thamani kamili ukiihitaji fedha kabla ya muda. Someni tena hapo: miaka mitatu, kwa thamani kamili. Kuna mtu ofisini alikaa akamfikiria mzee.

Uingereza nao Januari 2015 waliwauzia wenye umri wa miaka 65 na kuendelea hatifungani ya mwaka mmoja kwa asilimia 2.8 na ya miaka mitatu kwa asilimia 4, kila mtu mwisho pauni 10,000 kwa kila aina. Siku ya kwanza tovuti ilielemewa, simu zikawa hazipitiki. Wastaafu zaidi ya milioni moja walinunua. Kwa hiyo msije kuniambia wazee hawana haja ya vitu vya muda mfupi. India wana mpango wao wa akiba wa wazee tangu 2004, miaka mitano, riba inalipwa kila robo mwaka, na unaufungua hata posta. Posta! Mahali ambapo mzee anapafahamu.

Hata Wamarekani, ambao masharti ya hatifungani zao za akiba ni ya kibabe kidogo (mwaka wa kwanza huigusi, na ukiitoa kabla ya miaka mitano wanakata riba ya miezi mitatu), angalau mtaji wako haupungui. Na wanayo moja ambayo riba yake inapangwa upya kila miezi sita kufuata mfumuko wa bei. Hilo la mfumuko nalo lisemwe. Kuponi ya 12 unayolipwa leo ndiyo hiyohiyo 12 utakayolipwa mwaka wa ishirini. Bei zikipanda asilimia 6 tu kwa mwaka, baada ya miaka 12 kitu cha 100 kitataka 200. Dawa zitakuwa zimepanda, nauli imepanda, kuponi imesimama palepale kama mlingoti. Afisa hakulisema. Nilipolisema mimi akaniambia, "Ila mzee, riba si unaipata kila miezi sita?"

Haya, tuje kwenye usajili, maana hapo ndipo nilipotaka kuvunja kiti.

Fomu siku hizi ni ya kwenye kompyuta na bila barua pepe haisogei. Sina barua pepe, sijawahi kuihitaji. Kijana akasema hilo ni dogo, akabofyabofya, akanifungulia moja palepale kwa jina langu na mwaka wangu wa kuzaliwa. Nenosiri akaliandika kwenye kikaratasi, na kikaratasi akakitia kwenye droo yake. "Usijali mzee, nitakuwa nakuangalizia." Utaniangalizia? Taarifa za kuponi zitakwenda huko. Taarifa ya hatifungani kuiva itakwenda huko. Na mtu akitaka kubadilisha nenosiri la akaunti yangu ya hatifungani, kiungo kinatumwa hukohuko. Yaani funguo za kiinua mgongo changu zinalala kwenye droo ya mtu ambaye mwaka kesho anaweza kuhamishiwa tawi lingine.

Kisha zikaja zile namba za uthibitisho kwenye simu. Ujumbe unaingia, sekunde zinahesabika kurudi nyuma, mimi bado natafuta miwani. Muda umekwisha, anza upya. Mara ya pili akaniuliza, "Mzee huna mjukuu wa kukusaidia?" Na ukutani, juu ya kichwa chake, kuna bango kubwa la benki yao limeandikwa USIMPE MTU YEYOTE NAMBA YAKO YA SIRI. Nikamwonyesha kwa kidole. Akageuka, akalisoma, akarudi kwenye kompyuta yake.

Sisemi warudishe kila kitu kwenye karatasi. Karatasi zinapotea, zinaliwa na mchwa. Lakini mtu anayekwenda mwenyewe, na kitambulisho chake na dole gumba lake, kwa nini asihudumiwe hadi mwisho mbele ya afisa, apewe hati yake iliyopigwa muhuri, na taarifa zake zije kwa barua au kwa ujumbe wa kawaida wa simu? Marekani benki ziliacha kuuza hatifungani za akiba za karatasi tangu Januari 2012, na ule mwanya mdogo uliobaki wa kuzipata kupitia marejesho ya kodi ukafungwa Januari 2025. Mwisho wa Oktoba 2022, watu walipokimbilia riba ya asilimia 9.62 ya ile inayofuata mfumuko wa bei kabla haijabadilishwa, mtandao wao wa hazina ulilemewa. Na hao ni Marekani. Dunia nzima inaelekea huko na wazee tunaburutwa nyuma.

Halafu hili neno "salama". Ghana, Desemba 2022, serikali ilitangaza mpango wa kubadilisha hatifungani zake za ndani kwa nyingine za muda mrefu zaidi na riba ndogo zaidi. Wastaafu waliokuwa wameweka akiba zao humo walikwenda kukaa mbele ya Wizara ya Fedha mjini Accra wakiwa na mabango. Februari 2023 Jaji Mkuu mstaafu wa nchi, Sophia Akuffo, alikwenda kusimama pamoja nao. Baada ya kelele hizo ndipo wastaafu wakaondolewa kwenye mpango. Sijasema kila serikali itafanya hivyo, na kweli hatifungani ya serikali ina hatari ndogo kuliko upuuzi mwingi tunaoletewa wazee na wapwa zetu wenye "fursa". Lakini mtu anayekuuzia akuambie hatari ipo wapi, akuache uamue mwenyewe.

La mirathi nitaligusa tu kwa sababu linachosha. Niliuliza, nikifa kabla ya miaka 20, ambalo ndilo jambo la kutarajiwa, mke wangu atafanya nini? Kijana akanijibu, "Mzee usiseme hivyo, utaishi." Ahsante kwa dua. Kwenye fomu nilitafuta sehemu ya kuandika mrithi, sikuiona. Kwa hiyo mjane ataanza mahakamani kutafuta usimamizi wa mirathi, ndipo aende kuuza kwa ile bei ya soko niliyoieleza juu. Hatifungani za akiba za Marekani zinaruhusu kuandikisha mmiliki mwenza au mtu wa kulipwa ukifa. Mstari mmoja tu kwenye fomu!

Sikusaini. Nimeondoka na fomu, na kikaratasi cha nenosiri nilikidai kikatolewa kwenye droo nikakichukua. Meneja wa tawi ameniambia niandike malalamiko "kupitia tovuti". Nimeandika kwa mkono, nimepeleka, nimedai nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa, na nakala nyingine inakwenda benki kuu.

Naomba majibu kwa wanaojua, si pole. Moja, ile barua pepe iliyofunguliwa kwa jina langu inafutwaje kabisa, na nitahakikishaje haijaunganishwa popote? Pili, kuna mstaafu humu aliyenunua za miaka miwili au mitano kwa awamu, mwaka huu kidogo, mwaka kesho kidogo, ili kila mwaka kuwe na inayoiva? Benki ilikubali au nayo ilikusukumia ya miaka 20? Na wale mtakaoandika "mzee nenda na wakati", wekeni na umri wenu.