Mwakilishi wadi wetu amefariki, nigombee kiti chake? Naomba ushauri

Bonde_la_Juu: Hamjambo wadau. Mwakilishi wadi wetu alifariki, tumeshamzika, na wazee wananisukuma nigombee. Sipati usingizi. Kura ni lini? Ama gavana atateua mtu amalizie muhula?

Wakili_Mstaafu: Poleni kwa msiba. Gavana hateui. Spika wa bunge la kaunti huiarifu IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, ndani ya siku 21, na kura hupigwa ndani ya siku 90 tangu kiti kiwe wazi, isipokuwa uchaguzi mkuu ukiwa umebakiza miezi 3. Wanaojaziwa bila kura ni wale wa viti maalum, wanaotoka kwenye orodha ya chama: huingia anayefuata kwenye orodha, wa jinsia hiyo hiyo.

Binti_Mandera: Siku 90 za wapi? Mbunge wa Banissa alifariki Machi 2023, kura ikapigwa 27 Novemba 2025, kwa kuwa IEBC ilikaa bila makamishna. Muda wote huo hatukuwa na wa kutusemea bungeni.

Mzee_Kibiriti: Binamu yangu aliuza ng'ombe kwa ajili ya wadi. Hata mkewe hakumpigia kura. Tafuta kazi, kijana.

Bonde_la_Juu: Kazi ninayo.

Wakili_Mstaafu: Kazi gani?

Bonde_la_Juu: Si muhimu sana.

Wakili_Mstaafu: Ni muhimu kuliko yote uliyoandika.

Bonde_la_Juu: Nafundisha shule ya msingi ya umma. Lakini nina watoto, siwezi kuacha mshahara kabla ya kujua kama nitashinda. Na mabango yamechapishwa, shemeji amelipa.

Wakili_Mstaafu: Mwalimu, ile sheria ya mtumishi wa umma kujiuzulu miezi 6 kabla ya kura ni ya uchaguzi mkuu. Kwa uchaguzi mdogo, mtumishi wa umma hujiuzulu ndani ya siku 7 tangu kiti kitangazwe kuwa wazi. Kilitangazwa lini?

Bonde_la_Juu: Mwezi uliopita. Ila shule zilikuwa zimefungwa, sikuwa kazini. Na wazee wameshachanga.

Mama_Neema: Pesa za wazee zirudishwe leo. Hizo ni za kuku na mahindi.

Chonjo: Wadi gani? Nimepitia gazeti rasmi la serikali, sioni kinacholingana. Hii ni hadithi ya kutunga.

Binti_Mandera: Hata kama ni hadithi, wako walimu wengi wanaoisoma.

Bonde_la_Juu: Sitaji wadi, mwalimu mkuu yumo humu. Bango hili hapa, jina na sura nimefuta.

Chonjo: Limeandikwa "mgombea huru". Chamani ulitoka lini? Mgombea huru lazima awe nje ya chama miezi 3 kabla ya siku ya kura.

Bonde_la_Juu: Sijawahi kujiunga na chama! Labda chama fulani kilinisajili bila mimi kujua.

Wakili_Mstaafu: Hakikisha kwa Msajili wa Vyama. Na barua ya kuacha kazi usiiandike kabla hujaonana na wakili ana kwa ana.