Kupeleka watoto Mafia kuona kasa wakitotolewa, wa miaka 5 ataweza? Na kazi ya mikono tufanye nini?

Mama Wawili
Habari zenu wapendwa. Nina watoto wawili, mmoja miaka 8 mwingine 5, tunakaa Dar, na likizo hii ya mwezi wa sita nataka twende Mafia tukaone kasa wakitotolewa kule Juani. Baba yao anasema tusubiri mwezi wa 11 maana ndo kipindi cha potwe, mi nang'ang'ania kasa kwa sababu huyu mdogo anaogopa maji, sasa nimtumbukize baharini na samaki mrefu kuliko daladala? Naomba kujua ule mwendo wa miguu mtoto wa miaka 5 anauweza? Halafu mwalimu wao kataka kila mtoto arudi na kazi ya mikono ya likizo, nilikuwa nawaza tuokote kauri na makombe tugandishe kwenye boksi, mnaonaje?

baba_salma
Dada nenda na kasa, potwe watakuwepo tu wakishakua. Sisi tulienda mwezi wa saba, tukashika barabara mpaka Nyamisati, kivuko hadi Kilindoni, gari hadi Utende, kisha mashua ya kuvukia Juani, na hapo muulize nahodha saa ya maji maana yakishakupwa sana mashua inakaa mchangani na nyie mnakaa nayo. Ukishuka unavuka kisiwa kwa miguu mpaka upande wa bahari kuu, kama lisaa hivi, njia ya vichakani, wangu wa miaka 5 nusu ya njia nilimbeba mgongoni. Beba maji ya kutosha. Na msiende kwa siku moja jamani, kaeni hata tatu, wale walinzi wa viota ni watu wa hapohapo kijijini, wanaandika tarehe kasa aliyotaga wanahesabu kama siku 55 hivi, lakini joto la mchanga linaweza kusogeza siku mbele au nyuma.

Tulivyokaa pale mchanga ukaanza kutikisika katikati kama uji unaotaka kuchemka, kikatoka kichwa kimoja cheusi, kidogo kama ncha ya kidole gumba, kikatulia kinapumua. Kimya. Halafu wakafumka wote kama gunia limepasuka, kiota kimoja kinaweza kuwa na mayai 100 na zaidi. Mmoja akatumbukia kwenye alama ya mguu wa Salma akashindwa kupanda, mtoto akataka kumuokota, mlinzi akamwambia hapana mwanangu, wewe sawazisha mchanga mbele yake tu atapita mwenyewe. Akasawazisha kwa kiganja, na yule kasa akapita. Mpaka leo tukienda Kigamboni anafukia nyayo zake. Jioni ikiingia zimeni tochi na msipige picha kwa mwanga, wale wanafuata weupe wa bahari, wakiona taa nyuma wanageukia huko.

Mwl. wa Chekechea
Mama Wawili kauri waachie bahari tafadhali. Kombe tupu si tupu, kuna kaa wadogo wanahamia humo wakikua, na Mafia ni hifadhi ya bahari tangu 1995, kuokota hairuhusiwi. Tumia kifuu cha nazi, mtengeneze kasa! Nusu ile isiyo na macho ndo gamba, watoto waisugue kwa msasa mpaka nyuzi zote zitoke na iwe laini, paka mafuta ya nazi kidogo uone inavyong'aa. Miguu kata kwenye ndala mbovu, zimejaa ufukweni. Ya mbele iwe mirefu kama makasia, ya nyuma mifupi, hapa watoto wengi wanakosea wanaweka minne sawasawa anakuwa kobe wa shambani. Kichwa kigandishe kikiwa nje, kasa hawezi kukiingiza ndani ya gamba. Gundi chukua ya fundi viatu, ila upake wewe mwenyewe, nje, ina harufu kali.

Nahodha Mstaafu
Niongeze moja, watoto watauliza kama kasa analiwa, wangu waliuliza. Waambie ukweli, ni kosa kisheria, nyama, mayai hata gamba, na nyama yake inaweza kuwa na sumu na kuipika hakuitoi. Machi 2024 kule Kisiwa Panza, Pemba, tulizika watoto 8 na mtu mzima mmoja.

Mama Wawili
Asanteni sana, Mola awalipe. Hili la Panza nililisikia juujuu tu, nitaongea nao taratibu huyu mkubwa kwanza. Baba yao nimemsomea ile ya alama ya mguu akanyamaza, kisha akauliza kivuko kinaondoka saa ngapi, kwa hiyo nadhani tunaenda. Swali la mwisho mwalimu, kifuu kinapasuka vipi kiwe nusu mbili nzuri? Mimi nikigonga kinatoka vipande vitatu.

Mwl. wa Chekechea
Usigonge sehemu moja kwa nguvu. Shika nazi kiganjani, gonga na mgongo wa panga katikati palepale huku unaizungusha, taratibu, ikianza kulia tofauti ujue mstari umeshapita, inaachia yenyewe. Ukishakuna osha vizuri, anika siku mbili ndo msugue.