Naomba ushauri: nisomee ukufunzi wa uzamiaji PADI, SSI au kwingine?

Nguva Mpole
Wakuu, salaam. Mimi ni divemasta (muongoza wazamiaji, bado si mkufunzi), daftari langu la mbizi limeshatimiza idadi inayotakiwa na sasa nataka kupanda niwe mkufunzi. Kituo ninachofanyia kazi kiko chini ya SSI, shirika linalotoa mafunzo na vyeti vya uzamiaji kama ilivyo PADI. Bosi amesema atanilipia kozi nzima, ila nisaini mkataba wa kubaki naye miaka miwili. Kuna rafiki yangu mkufunzi wa PADI, yeye anasema nikisaini tu nimejifunga kamba mwenyewe, heri nijilipie. Mwingine ananisifia NAUI, shirika jingine la aina hiyohiyo, kutwa. Kila mtu anavutia kwake!

Ninachotaka ni kufundisha wanaoanza, na baadaye niweze kwenda kutafuta kazi popote pale. Nipeni mwongozo. Na kama kuna gharama zilizojificha, nitajieni mapema.

Mzee wa Boya
Mkuu, watakuja hapa wakuambie shirika si kitu, tafuta mwalimu mzuri. Kwa mwanafunzi ni kweli kabisa. Kadi ya mzamiaji anayeanza, iwe ya PADI au ya SSI, inafuata kiwango kilekile cha kimataifa, ISO 24801-2, kina wanachoshauriwa kutozidi ni mita 18, na vituo vya pande zote mbili vitampokea bila maneno. Kwa mkufunzi hadithi ni nyingine.

PADI uanachama ni wako. Unalipa ada yako ya mwaka, unamnunulia mwanafunzi vifaa vya kusomea, unamfundisha na kumtolea cheti hata kama huna kituo nyuma yako. SSI unafundisha ukiwa chini ya kituo kilichosajiliwa, na vyeti vinapitia kwenye akaunti ya kituo hicho. Ukiondoka, hutoi cheti mpaka kituo kingine cha SSI kikuchukue. Kwa hiyo hapo una kamba mbili: ya mkataba wa bosi na ya mfumo wenyewe. Ya pili si mbaya, mradi uijue kabla hujaingia.

Pweza Mkavu
Mzee, nakuheshimu ila hapo umekuza mambo. Huo uhuru wa kufundisha peke yako wangapi wanautumia? Kompresa ya kujazia hewa atatoa wapi? Boti je? Mitungi, bwawa, vifaa vya kuazimisha wanafunzi? Wakufunzi wengi wa PADI ninaowajua wameajiriwa na vituo kama wenzao wa SSI, tofauti ni nembo kwenye fulana. Mtu analipiwa kozi na bado mnamwambia akatae!

Dada Regulata
Mnabishania nembo na kamba, mimi naangalia kile unachoruhusiwa kudai kwa mwanafunzi. PADI mwanafunzi akitimiza vigezo vilivyoandikwa, ameshapata cheti chake. Unaweza kumwongezea muda wa mazoezi, lakini huwezi kubuni sharti lako mwenyewe ukamnyimia kadi. NAUI inamwachia mkufunzi nafasi ya kuongeza masharti, na inamtaka ajiulize kama angekubali mtu wake wa karibu azame na huyu aliyemfundisha.

Mfano. Mwanafunzi amepiga magoti chini ya bwawa, anaingiza maji kwenye miwani, anapuliza kwa pua, maji yanatoka, safi. Sasa mwambie afanye hivyohivyo akiwa anaelea katikati ya maji. Mikono inaanza kutapatapa, anaivuta pumzi na kuibana, na kabla hajamaliza kupuliza ameshaanza kupanda. Huyo mimi simsainii mpaka nione anafanya huku kina chake hakibadiliki.

Mzee wa Boya
@Dada Regulata nakazia hilo la kuelea, ila tumtendee haki: hakuna shirika kati ya haya linalokulazimisha kufundisha watu wakiwa wamepiga magoti. Hayo ni mazoea ya wakufunzi wavivu (nimesema).

Kasa
Umesema popote pale. Basi angalia kwanza sheria za huko unakotaka kwenda. Ufaransa, kwa mfano, kufundisha uzamiaji kwa malipo kunahitaji diploma ya serikali yao. Kadi ya PADI, SSI au hata nyota tatu za ukufunzi wa CMAS (shirikisho la kimataifa la uzamiaji) hazitoshi peke yake.

Nguva Mpole
Asanteni sana. Swali: nikianza na SSI halafu nikataka PADI, nasoma upya? Na gharama hamjagusa.

Mzee wa Boya
Husomi upya, ila njia hazilingani. Mkufunzi wa PADI akihamia SSI anapita kozi fupi ya kumwelekeza kwenye mfumo wao. Wewe ukitoka SSI kwenda PADI, utahudhuria sehemu ya kozi yao ya ukufunzi na bado utakaa mtihani wao. Msimamizi wa mtihani huo anatumwa na PADI, si yule aliyekufundisha. Nadharia ina masomo matano: fizikia, fiziolojia, vifaa, nadharia ya dekompresheni (jinsi mwili unavyotoa gesi mzamiaji anapopanda), na ujuzi pamoja na mazingira. Kila moja upate asilimia 75. Usiende umelala kwenye fizikia.

Gharama: ada ya kozi ni mwanzo tu. PADI mtihani unalipiwa kivyake, maombi ya uanachama kivyake, kisha vitabu na ukufunzi wa huduma ya kwanza kama huna. Cheti cha daktari kisizidi miezi 12. Kila mwaka kuna ada ya kuhuisha na bima ya dhima kwa umma. Muulize bosi, neno "kozi nzima" linafika wapi.

Nguva Mpole
Nimemuuliza leo. Bima na ada ya mwaka ni juu yangu. Halafu mkataba unasema nikiondoka kabla ya miaka miwili narudisha gharama zote, hata ikibaki wiki moja.

Pweza Mkavu
Hapo nageuka, mkuu. Hiyo ya wiki moja haikubaliki. Mwambie deni lipungue kila mwezi unaofanya kazi, na kituo kikifungwa au akikuachisha yeye, deni liishe. Akikubali yaandikwe kabla hujagusa kalamu.

Dada Regulata
Na muulize ni nani atakufundisha kozi yenyewe. Nenda ukamwangalie akiwa majini na wanafunzi.

Nguva Mpole
Anaanza darasa jipya Jumamosi. Nitakuwepo bwawani.