Celica ya 1996: nibadilishe dashibodi nzima au nifunge geji za pembeni?

Mshale Katikati (mleta uzi)

Wakuu, habari za Jumapili. Niko Mwanza, Pasiansi. Nina Toyota Celica ST202 ya 1996, injini 3S-GE, gia ya mkono. Tafadhali asije mtu kuniambia niuze nichukue IST, hayo mke wangu ameshayamaliza.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa natoka Magu. Nilipovuka Kisesa nikasikia harufu tamu, kama sukari inayoungua. Nikatupia jicho temperecha: mshale uko katikati, umetulia. Nikakanyaga. Kabla sijaiona Igoma gari likaanza kukosa nguvu, nikapaki pembeni na kufungua boneti. Paipu ya juu ya rejeta imepasuka, rejeta kavu, na ule mshale hata hauna habari. Silinda hedi imepona kwa rehema za Mungu tu.

Jambo la pili: usiku nikiwasha taa kubwa, mshale wa temperecha na wa mafuta yote inaruka kidogo, na upande wa kushoto wa dashibodi una giza.

Nawaza njia mbili. Ama niagize dashibodi nyingine yenye sura nyeupe, ama nifunge geji tatu kwenye nguzo ya kioo: presha ya oili, joto la maji na volti. Fundi mmoja kaniambia laki nne kazi yote, sensa ya oili ataifunga ilipo ya zamani, "inaingia tu". Hiyo "inaingia tu" ndiyo imenileta kwenu.

Kirumba Finest

Sura nyeupe! Usiku itakuwa kama duka la simu.

Dogo Gia Tano

Mkuu hela zote hizo za nini? Nunua kile kidude cha bluetooth cha OBD2 (soketi ya kusomea kompyuta ya gari), chomeka, soma joto kwenye simu. Umemaliza.

Fundi Umeme Nyakato

Dogo, Celica ya Japani ya mwaka huo haina OBD2 ya kueleweka. Atachomeka wapi?

Sasa mleta uzi, nisikilize. Usinunue kitu bado. Mishale inayoruka ukiwasha taa ni ethi mbovu (waya wa kurudisha umeme kwenye bodi ya gari), sio geji mbovu. Taa zinavuta umeme mwingi, ethi imeshika kutu, umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia kwenye geji. Ukileta dashibodi mpya ukaipachika kwenye ethi ileile, mishale itaruka vilevile, ila kwenye sura nyeupe. Shusha dashibodi, fuata waya za ethi mpaka zilipofungwa kwenye bodi, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza. Giza la kushoto huenda ni balbu tu. Ukiweka za LED na moja isiwake, igeuze, ina chanya na hasi.

Mshale kukaa katikati: Toyota nyingi za miaka hiyo geji imetengenezwa hivyo. Joto lipande lishuke kiasi, mshale unabaki palepale ili mwenye gari asipate presha. Halafu maji yakiisha kabisa sensa inabaki hewani, haina cha kupima. Kwa hiyo hata geji ya pembeni ya bei mbaya ingeweza kukudanganya siku ile. Pua yako ndiyo ilikuwa geji, hukuisikiliza.

Mshale Katikati

Pole yangu mwenyewe. Na ile ya oili?

Fundi Umeme Nyakato

Hapo ndipo watu wanaua bloku. Toyota pale penye sensa ya oili ana uzi wa 1/8 BSPT (uzi wa bomba wa Kiingereza), nyuzi 28 kwa inchi. Sensa nyingi za geji za dukani ni 1/8 NPT (wa Kimarekani), nyuzi 27. Ukiishika kwa mkono inaingia mizunguko miwili, unaona imekubali. Ukilazimisha kwa spana, ama inavuja ama inapasua. Dai adapta, uione kwa macho. (Uzi juu ya uzi, leo tumeupata.)

Na asizungushie tepu ya bomba sensa nzima. Sensa ya waya mmoja inapata ethi kupitia huo uzi wake. Kama ya maji utaiweka kwenye kipande cha chuma katikati ya paipu ya rejeta, kumbuka kile chuma kimezungukwa na mpira pande zote. Bila kukivutia waya wa ethi, geji inasoma sifuri.

Mimi ningefunga mbili, presha ya oili na joto la maji. Oili ndiyo mwanzo: injini ikiwa moto, kadirio la mafundi ni presha ya kama psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika.

Mwalimu wa Nyegezi

Naongezea kidogo. Ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo huku maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi joto 96 hivi, sio 100. Mfuniko wa rejeta ndio unaobana presha yasichemke mapema. Ukishafunga geji mpya ukaona 98, usipaniki, lakini mfuniko ukiwa umechoka, hiyo 98 tayari ni mvuke. Mfuniko ni bei ya chipsi mayai, badilisha kesho.

Mshale Katikati

Mrejesho. Jana nimeshusha dashibodi. Ethi nyuma ya redio ilikuwa na kutu ya kijani, bolti nimeigeuza kwa vidole tu. Nimepiga msasa, nimekaza, usiku nimekwenda hadi daraja la Kigongo–Busisi na kurudi, taa zinawaka, mishale haijatikisika. Mfuniko mpya, paipu mpya. Adapta ya oili nimeagiza Dar, yule wa "inaingia tu" nimemshukuru kwa heri.

Ila wakati wa kurudisha nimevunja kikucha kimoja cha kioo cha dashibodi, sasa kinalia kwenye matuta. Mwenye kioo cha ST202 kilichokaa stoo aje PM.